Maji ya Simiyu

Nasambu aliuza mboga mtaani Mbotela, Nairobi, upande wa kuelekea Jogoo Road. Kila asubuhi alipanga sukuma, managu na saga kwenye kibanda chake. Kisha alichukua kopo lenye matundu akazinyunyizia maji. Jua likipanda, alinyunyizia tena. Mboga iliyonyauka hainunuliwi, na Nasambu hakutaka kusikia mteja akilalamika. Majirani walimtania kwamba mboga zake zinaoga kuliko watu.

Mwanawe Simiyu hakuwa hapo. Alikuwa Bungoma kwa nyanya yake, gredi ya tatu katika shule ndogo ya kijijini. Nasambu na mumewe Wakoli walimpeleka huko kwa sababu ya baridi ya Nairobi. Kila Julai mtoto alilia miguu, analia mifupa, analia mgongo. Wakoli, ambaye alifanya kazi za kibarua viwandani, alisema, “Aende apate jua na maziwa. Atakomaa.”

Tena walikuwa wamezika mtoto mmoja. Nelima, kifungua mimba wao, alikufa kabla hajajua kutembea. Tangu siku hiyo Nasambu aliogopa hata kikohozi.

Ile shule ilikuwa na desturi yake. Siku ya kufunga muhula, mwalimu mkuu alirekodi habari zote kwa sauti yake, akazituma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Jina lake lilikuwa Mwalimu Jackton. Watu wa kijiji hicho walioko Nairobi waliacha kila kitu wakasikiliza. Ilikuwa kama kurudi nyumbani kidogo bila nauli.

Ijumaa hiyo ya Agosti, Nasambu aliweka simu juu ya gunia la vitunguu, akaongeza sauti.

“Wazazi, hamjambo,” alisema Mwalimu Jackton, polepole kama kawaida yake. “Sisi tuko salama. Upepo ulibeba paa la choo cha wavulana, lakini baba wawili wamelirudisha. Tunashukuru. Mwalimu wa gredi ya kwanza amejifungua msichana. Kuku wa shule wameanza kutaga. Mpira tulifungwa, na mimi sitasema mabao mangapi.”

Nasambu alicheka peke yake.

“La mwisho,” sauti iliendelea. “Mama Simiyu, ukisikia hii, nipigie sasa hivi.”

Kicheko kilimkauka mdomoni. Alipiga simu huku kisu cha mboga kikiwa bado mkononi.

“Mama, kaa chini kwanza,” alisema Mwalimu Jackton.

“Niambie tu, Mwalimu.”

“Leo tulikuwa uwanjani tukifunga shule. Simiyu akaanguka. Analia miguu na kiuno. Macho yamekuwa ya njano. Tumemkimbiza hospitali na nyanya yake yuko naye. Lakini kuna jambo linanisumbua. Tulipompa maji pale uwanjani, midomo imekauka, jua linawaka, alikataa. Alifunga mdomo kabisa. Muhula huu amekosa shule mara nyingi, na siku anazokuja hanywi maji. Mnajua ni kwa nini?”

Nasambu alijua. Alijua vizuri sana, akakata simu.

Aliyekuwa amesimama mbele ya kibanda ni Mama Winny. Jina lake hasa ni Aoko, na yeye ni mhudumu wa afya ya jamii hapo mtaani. Alikuwa amekuja kununua managu. Aliona uso wa Nasambu, akaweka kikapu chini.

“Ni mtoto?”

“Ni Simiyu. Ameanguka. Mama Winny, huyu pia anakufa. Najua anakufa. Mwenzake alianza hivi hivi.”

“Hebu niambie mwenzake alianza vipi.”

“Nelima alivimba mikono na miguu. Vidole vilikuwa vinene, ukimgusa analia. Ikaja homa. Hakumaliza wiki. Kwa Wakoli walisema tumerogwa.”

Aoko akauliza, “Na Simiyu analia mifupa? Macho huwa ya njano?”

“Ndiyo.”

“Anakojoa kitandani?”

Nasambu alishtuka. Hiyo ilikuwa siri ya nyumba, na hakuwa amemwambia mtu hata mmoja hapo Mbotela. “Umejuaje?”

“Kwa sababu Winny wangu alikojoa mpaka akawa msichana mkubwa. Winny ana selimundu. Wengine wanaita sikoseli. Huo si urogi. Ni ugonjwa wa damu, mtu anazaliwa nao. Sisi watu wa magharibi mwa Kenya tunao sana.”

Aoko aliketi juu ya debe. Alieleza pole pole.

“Ndani ya damu kuna chembe ndogo nyekundu. Za watu wengi ni za mviringo, zinapita vizuri kwenye mishipa. Za mtoto mwenye selimundu hujikunja kama mundu. Zikijikunja zinakwama. Pale zilipokwama, damu haipiti, na ndipo panapouma.”

“Zinajikunja kwa nini?”

“Baridi inazikunja. Malaria inazikunja. Kuchoka sana pia. Lakini kubwa kuliko yote, mwili ukikosa maji. Wewe mboga zako unazinyunyizia siku nzima. Mtoto huyu anahitaji maji kuliko mboga.”

Nasambu aliweka kisu chini. “Mama Winny, mimi ndiye nilisema asinywe.”

“Asinywe nini?”

“Maji. Nyanya yake alinipigia. Alisema kijana mkubwa wa gredi ya tatu analowesha godoro, na binamu zake wanamcheka. Niliona aibu. Nikamwambia, akitoka shule, asipewe maji mpaka asubuhi. Simu ilikuwa kwa spika. Simiyu alikuwa anasikia. Sasa hata shuleni hanywi.”

Aoko hakukimbilia kumfariji.

“Figo za watoto hawa haziwezi kushikilia maji,” alisema. “Ukimpa, atakojoa. Ukimnyima, bado atakojoa. Kitanda hakitakauka, itakauka damu. Hukujua, Nasambu. Sasa umejua. Funga kibanda uende. Ukifika waambie wampime selimundu, na uwaambie habari ya Nelima. Usiifiche.”

Nasambu aliacha mboga kama zilivyo. Wakoli alikuwa kazini, akaahidi kumfuata. Alisafiri usiku ule akiwa amekata tamaa. Hakumwomba hata Mungu, kwa sababu aliona aibu kumwombea mtoto ambaye yeye mwenyewe alimkausha.

Alimkuta Simiyu amelala wodini, dripu mkononi. Alikuwa amepungua hata shingo. Nyanya yake, ambaye mtoto alimwita Kukhu, alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

“Mama, shikamoo,” Nasambu alimsalimia mkwewe.

“Marahaba. Muuguzi anasema anywe maji mengi. Mimi nimeshindwa. Jaribu wewe.”

Nasambu alimimina maji kwenye kikombe, akamwinua kichwa. Simiyu alifunga mdomo.

“Kunywa, baba yangu.”

“Nitakojoa.”

“Kojoa tu.”

“Ulisema nisinywe. Ulimwambia Kukhu.”

“Nilikosea, Simiyu. Nilikosea sana. Kunywa.”

Mtoto alifikiri. “Kwani hospitali watu wanakojoa kitandani?”

“Wanakojoa. Hakuna anayecheka.”

Alikunywa. Alimaliza kikombe cha kwanza, akaomba cha pili. Muda wote alimtazama mama yake juu ya ukingo wa kikombe, akichunga asije akanyang'anywa. Nasambu alitamani apigwe, atukanwe, afanywe chochote, lakini asitazamwe hivyo.

Kukhu alianza kulia kimya kimya.

“Mimi niliweka mtungi juu ya kabati asiufikie,” alisema. “Na jioni alikuwa ananiomba maji ya kunawa mikono. Ananawa, anarudi, anaomba tena. Nikawa najisifu kwa majirani kwamba mjukuu wangu anapenda usafi. Alikuwa anayanywa, Nasambu. Yale ya kunawa, alikuwa anayanywa.”

Nasambu alijaza kikombe cha tatu.

Wakoli alifika kesho yake. Damu ya Simiyu ilipimwa, na damu za wazazi wote wawili pia. Daktari aliwaita ofisini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache.

“Simiyu ana selimundu,” alisema. “Ninyi wawili hamuumwi, lakini kila mmoja wenu amebeba nusu ya ugonjwa. Mtoto akichukua nusu ya baba na nusu ya mama, anaugua. Kila mimba ina hatari hiyo hiyo. Mkipata mtoto mwingine, apimwe akiwa mchanga.”

Wakoli alikohoa. “Na yule wa kwanza? Aliyevimba mikono?”

“Kwa jinsi mama alivyonieleza, nadhani yeye pia. Kuvimba mikono na miguu ni dalili ya mapema kwa watoto wachanga.”

“Kwa hivyo si mtu.”

“Si mtu.”

Wakoli aliinamisha kichwa. Siku ya mazishi ya Nelima alisimama mbele ya watu wote, akamnyooshea kidole mke wa kaka yake, akamwita mchawi. Yule mama alibeba nguo zake na hakukanyaga boma hilo tena.

“Kuna lingine,” daktari aliendelea. “Mfupa wa nyonga ya kushoto ulikosa damu kwa muda mrefu. Sehemu yake imekufa. Atatembea, lakini atachechemea.”

“Si mtampa dawa irudi?” aliuliza Nasambu.

“Ziko dawa za kumlinda asiumwe mara kwa mara. Kuna za maumivu, na mazoezi ya kumsaidia. Ila sehemu iliyokufa, mama, sina dawa ya kuirudisha.”

Jioni hiyo Wakoli alikwenda kwa wazazi wa yule shemeji yake kuomba msamaha. Alisimama nje ya mlango akaeleza yote, damu, selimundu, Nelima. Alisikia watu ndani wakinong'ona. Mlango haukufunguliwa.

Simiyu alipopata nguvu, walirudi naye Mbotela ili wamtunze wenyewe. Aoko alikuja na Winny, msichana wa miaka ishirini na kitu, anayefanya kazi dukani mjini. Winny alimpa Simiyu ngumi ya salamu.

“Niaje, Simi. Sisi ni wa damu moja, unajua?”

“Nawe unakojoa?” Simiyu aliuliza.

“Niliacha nikiwa mkubwa kuliko wewe. Usijali. Nawe utaacha.”

Aoko alimfundisha Nasambu kazi ya kila siku, na Nasambu hakubishana na neno hata moja. Simiyu alikunywa maji tangu asubuhi hadi kulala. Alimeza vidonge vyake vya foliki, vya kuongeza damu, kila siku, pamoja na dawa ya kuzuia maumivu kurudi, vile daktari alivyoandika. Alilala ndani ya neti. Baridi ikija, alivaa sweta mbili na soksi. Akipata homa, hata ndogo, hawakungoja kesho. Walikwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kila mwezi alirudi kliniki.

Nasambu alikwenda pia kwa mwalimu wake mpya.

“Akiomba maji, mpe ruhusa,” alimwambia. “Akiomba choo, mpe ruhusa. Akisema anaumwa mifupa, usidhani ni uvivu. Nipigie.”

Maumivu yalipungua. Yalirudi mara moja mvua ilipomnyeshea, lakini waliwahi hospitali na hayakumlaza siku nyingi. Macho yakawa meupe kidogo. Mguu haukubadilika. Nasambu alipomsikia akija kutoka shule, alijua hatua zake kabla hajamwona: moja nzito, moja nyepesi. Kila mara zilimchoma.

Muhula uliofuata ulipofungwa, sauti ya Mwalimu Jackton ilikuja tena. Hakuna aliyemtoa Nasambu kwenye lile kundi.

“Wazazi, hamjambo. Choo bado kina paa. Jogoo wa shule ameibwa, na mwizi tunamjua, arudishe kabla ya Krismasi. Wazazi wametununulia mtungi wa maji wa kila darasa. Siku hizi mtoto akitaka maji, anakunywa. Akitaka choo, anakwenda, hata kama naongea mimi. Watoto wengine wawili waliokuwa wakilia mifupa wamepimwa, na mmoja amekutwa na selimundu. Ameanza dawa mapema. Mpira, tumefungwa tena. Simiyu, wenzako wanasema winga yako ya kushoto hawajapata mtu.”

Simiyu alikuwa ameketi juu ya gunia la vitunguu, chupa ya maji kati ya magoti. Aliomba kile kipande cha mwisho kirudiwe. Alikisikiliza mara ya pili.

“Mama, wamfundishe tu mtu mwingine,” alisema, akafungua chupa akanywa.

Nasambu alishika kopo lake lenye matundu, akazinyunyizia mboga ambazo zilikuwa zimelowa tayari.

Asubuhi iliyofuata alibeba godoro akaliegemeza kwenye ukuta wa nyumba, upande wa barabara ambako jua linapiga. Zamani angelificha nyuma ya pazia linuke huko huko. Jirani mmoja alipita, akaona lile doa kubwa, akapunguza mwendo.

“Leo tena, Mama Simiyu?”

“Leo tena,” alisema Nasambu. Kisha akaingia ndani kujaza chupa.