Usijipime Mwili Ungali Moto

Kazungu alikuwa hamali katika kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari. Alipakua magunia ya viazi kutoka mabasi ya bara. Aliishi Majengo, chumba kimoja na mkewe Kadzo na watoto wawili.

Mahamali wale walikuwa na desturi yao. Jioni, baada ya gunia la mwisho, mkubwa wao Mzamil aliuliza, "Mzima nani?" Aliyeinua mkono alipewa basi la alfajiri, lenye mizigo mingi. Lakini akiahidi asije, hana kazi wiki nzima.

Siku moja Kazungu aliteleza na gunia. Kiuno kikalia ka! Akaendelea kubeba. Jioni hakusikia uchungu wowote. Mzamil alipouliza, akainua mkono.

Alfajiri alishindwa kuketi kitandani.

"Jana si ulikuwa ukimrusha mtoto juu hapo mlangoni?" Kadzo akamwuliza. "Leo mgonjwa?"

"Kiuno, mama Kingi."

"Kiuno chako kina saa? Jioni kizima, kukipambazuka kinauma! Sema umechoka kutulisha."

Kazungu alinunua vidonge vya maumivu dukani, akameza vitatu, akaenda kazini. Jioni mwili ukawa moto kwa kazi, akainua mkono tena. Siku ya tatu, chini ya gunia, mguu mmoja ukakataa kumbeba. Wenzake wakamleta nyumbani kwa mkokoteni.

"Leo Kazungu ndiye mzigo!" mmoja akacheka. Hakuna aliyemfuata kwa kicheko.

Jirani yao Zilpah alikuwa muuguzi wa zahanati. Aliugusa ule mguu. Kazungu hakuhisi akiguswa.

"Apelekwe hospitali sasa hivi," Zilpah alisema.

Njiani Kadzo alilia. "Dada, mbona kila jioni alikuwa mzima?"

"Hakuwa mzima. Alikuwa moto. Mtu akifanya kazi ya nguvu, mwili hufifisha uchungu kwa muda. Ukipoa, uchungu hurudi. Tena wengi huusikia zaidi usiku na alfajiri."

"Basi kila anayeumwa asubuhi aende hospitali?"

"La. Misuli ikifanya kazi isiyoizoea huuma siku ya pili, ya tatu, kisha hupoa kwa kupumzika. Lakini uchungu ukishuka mguuni, mguu ukifa ganzi, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, usingoje."

"Na vile vidonge?"

"Vilinyamazisha uchungu tu. Jeraha liliendelea."

Wiki iliyofuata wanawake wale wawili walimwendea Mzamil, wakamtaka aulize asubuhi badala ya jioni.

"Desturi hii nimeikuta," Mzamil alisema. "Nikiuliza asubuhi, wote watajifanya wagonjwa."

"Mwinamishe mtu, asimame, kabla hajagusa gunia," Zilpah akajibu. "Anayeumwa utamwona usoni. Mpe kazi ya kufunga kamba, wala usimnyang'anye zamu yake."

Kadzo akasema, "Mimi nilimwita mvivu, Bwana Mzamil. Wewe ungemwita mwongo. Ni nani kati yetu aliyemwuliza saa inayofaa?"

Toka siku hiyo mahamali huulizwa asubuhi, miili ikiwa baridi. Hakuna tena aliyerudishwa nyumbani kwa mkokoteni mwaka ule. Crispus, aliyeumia bega, alifunga kamba siku kumi, akapona, akarudi kubeba.

Kazungu hakurudi. Daktari alimwambia mshipa wa fahamu wa mguu ulibanwa muda mrefu mno. Kadzo ndiye anayetoka sasa, kufua nguo za watu Kibokoni.

Jioni moja Crispus alikuja na mkungu wa ndizi begani. "Ndugu yangu, kama si wewe, bega hili lingekwisha."

Kazungu akalitazama lile bega. "Vizuri," alisema. "Sasa weka ndizi chini, unishike kwapani. Nataka kwenda msalani."