Umri wa Bibi Skolastika

Saa tatu asubuhi Editha alifungua ofisi yao ya mjini Morogoro, akakuta kompyuta yake inafanya kazi peke yake. Programu ya ukoo, ya kuonyesha nani amerithi jina la nani, ilikuwa inazunguka tangu Ijumaa, na mlinzi hakuizima. Mlinzi ni programu nyingine aliyoiandika yeye mwenyewe, akaringa nayo hasa: kazi yake ni kunasa programu zisizokwisha na kuziua.

Kosa alilijua. Bibi yake Skolastika wa Kinole, kijiji cha mashamba ya mdalasini, amezikwa mwezi uliopita, na wajomba hawajakaa kumpa mtu jina lake. Ijumaa, kwa kujaribu tu, Editha alijaza nafasi ya mrithi kwa jina lilelile la bibi. Basi programu ikawa inamtafuta Skolastika, inampata Skolastika, inamtafuta tena. Mzunguko wa kitoto kama huo mlinzi angeunasa mara moja.

"Gabrieli, umemchezea mlinzi wangu?"

"Mimi? Sijagusa kitu, dada." Mwenzake wa meza ya pili, aliyeingia nyuma yake, hakuinua macho. Editha hakumwamini hata kidogo.

Akasoma taarifa ya mlinzi: *Haizunguki. Namba inapungua. Itakwisha.*

Namba ilikuwa umri. Bibi alikufa na miaka themanini na moja. Kila mzunguko ulimpunguzia mwaka, na mizunguko ilizidi kwenda mbio. Sasa alikuwa na thelathini, na hakuna aliyeandika amri ya kupunguza chochote.

"Unasikia harufu?" Gabrieli alinong'ona. Mdalasini mbichi, na udongo uliochimbwa sasa hivi. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Hapo Editha akajua si yeye, na akaogopa zaidi.

Akaizima. Ikajiwasha. Akachomoa waya ukutani. Kioo kikabaki kinawaka. Kumi na tisa. Akampigia mama yake, Anastasia, huko Kinole, akamweleza kwa sauti ya chini.

"Umeliandika jina la mama yangu bila mtu wa kulibeba?" mama aliuliza polepole. "Anatafuta pa kuingia, Editha. Na wewe una mimba ya miezi saba! Toka humo ndani, mwanangu, toka!"

Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika. Hii ndiyo pekee iliyofika huku, na Editha alishika tumbo kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine akaukimbilia mlango, huku nyuma yake Gabrieli akizisoma namba kwa kilio kana kwamba analazimishwa, tano, nne, tatu, na harufu ya udongo ikimjaa puani mpaka kooni, na mtoto tumboni akirusha miguu kama anayesukumwa apishe, mbili, moja.

Kompyuta ikanyamaza. *Imekwisha.*

Mtoto akageuka mara moja, kwa uzito, akatulia. Editha alisimama mlangoni, simu bado sikioni, hajasema neno.

Kwenye simu, mama yake alishtuka kama aliyeitwa na sauti anayoijua, kisha akajibu kwa sauti ya mtoto mdogo:

"Shikamoo, mama."