Aliyeitika Kwenye Sinki

Weh, Nzembi alikuwa anajua kucheka! Ukipita kwake Dagoretti Corner Jumapili, unasikia kicheko kabla uone geti. Bwanake Mwanzia alikuwa injinia wa udongo. Huko chini bondeni Spring Valley walitaka kujenga bwawa ya kushika maji ya mvua na kusafisha maji ya vyoo, na kabla bwawa ichorwe, lazima mtu aingie shimo aone udongo iko aje. Nzembi alikuwa anamtania, "Wenzangu waliolewa na mabosi, mimi nikaolewa na fuko!"

Hiyo kazi iko na desturi yake. Shimo refu ina hewa mbaya, kwa hivyo wa juu anagonga bomba iliyoshuka mpaka chini, ko-ko, anauliza, "Uko?" Wa chini anaitika, "Niko!" Asipoitika, anavutwa na kamba. Mwanzia alikuwa ameitika hivyo miaka mingi, mpaka hata akiwa usingizini, Nzembi akigonga kikombe, huyo: "Niko!" Haki walicheka mpaka machozi.

Sasa mwaka wa 2006, mvua ikikaribia, Mwanzia akakataa kungoja mbao za kushikilia kuta za shimo. "Udongo ya huku ni ngumu," akasema. Akamshusha kibarua wake, Lazarus. Kuta zikaanguka. Walimtoa amekufa, mdomo imejaa matope.

Namalwa, bibi ya Lazarus, akakuja mpaka kwa Nzembi. Hakukuja kugombana. "Dada, kwetu mtu akifia mbali, unaenda pale alianguka, unamwita jina, unamwambia twende nyumbani. Ongea na bwanako anifungulie geti ya saiti."

Mwanzia alikuwa hapo, anakunywa chai. "Mama, wenye mradi wanakuja kuona saiti. Hatutaki nduru pale."

Nzembi akamwangalia Namalwa. Akamwongeza chai. Akanyamaza.

Shimo ikafunikwa. Lazarus akapelekwa kwao Bungoma, mwili tu.

Mwezi haujaisha, Jumapili mchana, mvua ikamwagika. Sinki ya jikoni ikaziba. Mwanzia akainama na spana, akagonga bomba. Ko-ko.

"Niko."

Kutoka chini. Sauti ya mtu ana matope mdomoni.

Spana ikaanguka. "Umesikia?" Mwanzia akanong'ona.

"Nyamaza. Usiguse."

Hawakugusa. Bomba ikajigonga.

Ko-ko.

"Uko?"

Nzembi akaruka amzibe mdomo. Akachelewa. Mdomo ilikuwa imezoea.

"Niko!"

Ilikuwa sauti ya Mwanzia. Lakini ilitoka ndani ya tundu ya sinki.

Nzembi akashika hewa. Jikoni hakukuwa na mtu. Slipa za bwanake zilibaki pale pale, zimejaa udongo mweusi wa bondeni. Zilikuwa bado na joto.

Alikimbia nazo mpaka Spring Valley, amwite jina, amwambie twende nyumbani. Soja wa saiti hakufungua geti. "Mama, injinia mwenyewe ndiye aliacha amri. Hakuna kuita mtu hapa."

Akamtafuta Namalwa kwa chumba yake Kawangware, waende kumwomba soja pamoja. Alilia mpaka sauti ikaisha.

Namalwa akamwangalia. Akamwongeza chai. Akanyamaza.

Bwawa ilijengwa, iko hapo. Nzembi alihama, na siku hizi hacheki. Juzi mpangaji mpya wa ile nyumba, hajui chochote, alikuwa anaosha sufuria, akaigonga kwa sinki imwage makombo. Ko-ko.

Wakaitika wawili.