Aliyeita Karakanani

Tanuri lilikuwa halijawashwa tangu mazishi ya mumewe, lakini Ijumaa ile mchana Hajiya Ladi alisikia harufu ya chuma kilichotoka motoni.

Wanaume walikuwa msikitini. Karakana sasa ilikuwa yake. Baba mkwe wake, mhunzi wa majembe, ndiye aliyeianzisha. Mumewe Habu akaikuza, mpaka mashine zake za kubangua karanga zikavuma mji mzima wa Malumfashi. Kisha zikaja za Wachina. Mafundi wakaondoka mmoja mmoja. Habu akafa. Akabaki fundi mzee Bawa, na Ladi asiye na mtoto.

Nyundo ikalia ndani. Halafu sauti ya Habu, ile ya kuulizia chakula: "Ladi. Uko wapi?"

"Nipo," akaitika kabla hajafikiri.

Ijumaa zilizofuata aliitika tena, kwa hamu, hata akawa anavaa vizuri.

"Hajiya, mbona siku hizi unanong'ona?" Bawa alimuuliza. "Au masikio yangu?"

Hakuwa ananong'ona. Ndipo alipoogopa, akamwita Malam Tukur, mwalimu wa Kurani.

Malam alisoma dua, akanyunyizia maji fuawe ya kugongea chuma. "Huyo si mumeo," akasema kwa sauti ya chini. "Ni jini aliyeishi kwenye moto wenu tangu enzi za mkweo. Tanuri limepoa, anatafuta pa kukaa. Kila ukimwitikia anachukua kitu kwako. Akiita, nyamaza. Atachoka, ataondoka."

"Na nikijibu?"

"Usijibu, Hajiya."

Ijumaa ikafika. Sauti ikaita, naye akauma upindo wa kitambaa chake. Ikaita tena, ikapita kati ya mashine zilizoshika kutu, ikasimama nyuma ya shingo yake na joto lake, ikamwambia fura yake ya uwele na maziwa imechacha, ikamuuliza amemkosea nini, ikazidi kufifia kama mtu anayekwenda mbali asirudi, mpaka ikabaki pumzi tu, na ng'ambo ya pumzi ile Ladi akaiona nyumba yake, mkeka mmoja, bakuli moja, jioni zote zilizobaki.

"Nipo," akasema. "Habu, nipo hapa."

Bawa aliporudi alisimama mlangoni. "Hajiya? Upo?"

Ladi alikuwa mbele yake, amemshika mkono, akimwita kwa nguvu zake zote. Mzee alijikuna pale aliposhikwa, akatazama huku na huku, akatoka, akafunga lango kwa nje.