Mikono Tu, Bi Khole

Khole alikuwa fundi wa hina. Nyumba yake ilikuwa Mabela, na mabibi arusi wengi wa mtaani walipitia mikononi mwake. Kila kazi nzuri aliipiga picha, akaitia kwenye albamu. Albamu hiyo ilifunguliwa chumbani, kwa wanawake peke yao. Mwanamume hakuliona hata jalada lake.

Mwaka 2004 Khole alinunua kompyuta. Akajiandikisha kwenye kozi ya mtandaoni ya kutengeneza tovuti. Kila wiki aliletewa masomo kwa Kiarabu. Akishapika, hujifungia chumbani na simu ya nyumba haipatikani mpaka adhuhuri, maana mtandao ulipita kwenye waya huo huo. Ndugu zake wa mji wa Sib wakalalamika. Walisema kumpata Khole siku hizi ni kazi, utadhani kawa waziri.

Somo la kwanza lilimfundisha kwamba ukurasa wa tovuti ni faili la maandishi. Ndani yake unaiambia kompyuta: hiki ni kichwa cha habari, hapa weka picha. La pili lilikuwa la maandishi na rangi zake. La tatu, kuweka picha. La nne liliitwa "Kuitayarisha picha kabla ya kuiweka". Khole akaliona refu, akaliruka. La tano pia akaliruka. Akatua kwenye la sita, la mapambo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini nani angemwambia Khole?

Picha aliyoichagua ilikuwa ya Hind, binti kutoka mji wa Al Amerat aliyeolewa wiki tatu nyuma. Ilipigwa siku ya hina, kichwa wazi, dhahabu shingoni, mikono mbele ya kifua. Khole alimwomba ruhusa kwanza.

"Mikono tu, Bi Khole," Hind alisema. "Uso wangu usitoke."

"Mikono tu, mwanangu. Nakuahidi."

Katika somo la sita, Khole alijifunza kutengeneza kidirisha. Sehemu ya picha inaonekana, iliyobaki inafichika. Akakiweka kidirisha juu ya mikono. Uso ukapotea! Jumatano asubuhi akaupakia ukurasa kwenye mtandao, akampa Hind anwani yake. Chini yake aliweka kihesabio, kinachoonesha ukurasa umefunguliwa mara ngapi. Siku hiyo alitembea nyumbani kifua mbele.

Alhamisi simu yake ya mkononi ililia. Alikuwa Hind, na alikuwa analia.

"Bi Khole! Umenifanya nini?"

"Kuna nini, mwanangu?"

"Niko kazini. Mwenzangu kaitaka picha ya mikono. Nikaihifadhi, nikaifungua. Nimetoka mzima mzima! Nywele, shingo, uso! Na nyuma yangu wamekaa wanaume watatu!"

"Yarabi! Wameona?"

"Sijui! Nimechomoa waya ukutani!"

Khole alikata simu. Alikimbilia kompyuta, akaifuta picha. Akampigia Hind.

"Nshaifuta, mwanangu. Khalas, yamekwisha."

Baada ya dakika tano simu ikalia tena.

"Bado ipo, Bi Khole! Nimefungua tena, bado ipo!"

Khole alishikwa na butwaa. Kaifuta kwa mkono wake, akaiona inaondoka. Sasa inaonekanaje? Hakungoja hata kuvaa viatu vyake mwenyewe. Alivaa vya mumewe, akatoka.

Jirani yake Mahfoudha alifanya kazi ya kompyuta serikalini. Bahati nzuri, Alhamisi serikali hufunga kwa mapumziko ya wiki, si kama kampuni ya akina Hind. Mahfoudha alisikiliza, akaliacha birika jikoni, wakaenda pamoja.

"Umeifuta wapi?" aliuliza.

"Humu ndani. Kwangu."

"Hapo umefuta ya kwako tu. Ulipoipakia, nakala yake ilikwenda kukaa kwenye seva."

"Seva ndiyo nini?"

"Kompyuta nyingine, iko mbali, haizimwi. Hiyo ndiyo inayowapa wageni ukurasa wako. Ingia huko, ukafute huko."

Khole aliandika neno la siri. Alikosea mara mbili. Mwishowe akaingia, akaifuta. Mahfoudha akaufungua ukurasa upya. Mahali pa picha palikuwa patupu.

Kihesabio kilisema: kumi.

"Sita ni mimi," Khole alisema kwa haya. "Nilikuwa naitazama kazi yangu. Mbili ni Hind. Moja ni hii ya sasa. Ya kumi ya nani?"

"Hatujui. Na aliyekwisha kuichukua hatuwezi kumnyang'anya."

"Lakini niliuficha uso, Mahfoudha!"

"Uliuficha, hukuukata. Umefunika sahani kwa kawa, shoga. Mwenye mkono hufunua. Picha ilikwenda nzima."

Akamwonesha njia. Mahfoudha aliirudisha ile picha kutoka pipa la taka la kompyuta, akatengeneza nakala yake. Akaifungua kwenye programu ya picha, akaikata, ikabaki mikono tu. Akaihifadhi kwa jina jipya. Akaifunga, akaifungua tena kuhakikisha.

"Hii ndiyo inayokwenda mtandaoni," alisema. "Ile nzima haitoki nyumbani. Kozi yako haikukufundisha haya?"

Khole akatazama. Somo la nne. Alitamani ardhi ipasuke.

Alasiri alivuka majabali kwa gari mpaka Al Amerat. Hind alifungua mlango, macho mekundu.

"Nilikuahidi, nikavunja," Khole alisema. "Sikujua. Lakini somo lilikuwepo, na mimi nililiruka. Nisamehe, mwanangu. Na kuna mtu mmoja kafungua ule ukurasa, simjui."

Hind alimwingiza ndani, akafunga mlango.

"Mimi namjua. Ni Ghanim."

Khole alishika mdomo. Ghanim alikuwa mume wa Hind.

"Jana alitaka picha ya mikono yangu. Akaihifadhi, akaniona mzima. Kadhani nimekubali mwenyewe uso utoke. Tangu jana hanisemeshi, nami sikujua kosa langu mpaka leo mchana. Namwambia sikukubali, hanisadiki."

Khole hakukaa. Alikwenda mpaka mlango wa majlisi, chumba cha wageni, alimokuwa Ghanim.

"Ghanim, mwanangu. Mkeo aliniruhusu mikono tu. Uso nimeutoa mimi, kwa ujinga wangu."

Ghanim aliinamisha kichwa. 

"Basi mimi ndiye wa kumwomba radhi," alisema.

Wiki ile Khole alisoma somo la nne mara tatu, na la tano juu yake. Kisha akamwita Hind Mabela, akamkalisha mbele ya kompyuta. Hind akabonyeza, akahifadhi, akafungua. Mikono tu. Yeye mwenyewe akasema irudishwe kwenye tovuti.

Musimu wa harusi ulipofika, mabibi arusi watano walimpigia Khole. Wote waliiona ile mikono mtandaoni. Wa kwanza, Shatha, alikubali kupigwa picha. Kabla ya kuipeleka popote, Khole alimvutia kiti.

"Bonyeza mwenyewe. Hifadhi. Sasa ifungue. Unajiona?"

Shatha aliinama karibu na kioo cha kompyuta, akatafuta kila pembe.

"Sijioni, Bi Khole."

"Haya. Sasa tuipeleke."