Pumzi za Kidoti

Kila alasiri, shule zikishafungwa, Mwalimu wa Sauti aliwanyamazisha vijana wake studioni kabla ya kurekodi chochote. Ukimya wa chumba nao hurekodiwa, ili utumike baadaye kuziba mapengo ya rekodi. Siku hiyo walitulia kama maji mtungini, lakini aliporudia kusikiliza, ndani ya ukimya mlikuwa na mtu anahema.

"Nani kasinzia?" aliuliza, darasa likaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Pumzi zile zilikuwa na filimbi ya pumu, na alizijua fika, maana alikwisha kuzikata moja moja alipokuwa akihariri hadithi ya Kidoti. Kidoti alikuwa mwanafunzi wake hodari kuliko wote. Aliirekodi hadithi yake kwa ajili ya mashindano ya kusimulia, akafariki kabla haijapelekwa. Mwalimu akaipeleka kwa jina la binti yake wa kumzaa, ikashinda, ikampatia nafasi ya chuo.

"Baba, ile si sauti yangu," binti alikuwa amemnong'oneza.

"Nyamaza. Marehemu ana haja gani na chuo?"

Kesho yake, baada ya pumzi zile kusikika, binti aliamka bubu. Hata kikohozi chake hakikusikika. Daktari alimmulika koo, akamgeuza shingo huku na huku, hakuona kitu.

Mwalimu akajifungia studio peke yake, mchana kweupe, akarekodi tena ukimya. Safari hii pumzi zilianzia mbali, zikapita kwenye trei za mayai zilizobandikwa ukutani, zikazunguka kiti chake, zikasogea mpaka hedifoni zikapata joto masikioni, na chumba kizima kikanuka udongo uliotoka kuchimbwa, naye, mtu mzima na ndevu zake, akawa anaomba radhi kimoyomoyo, maana kwa mdomo hakuthubutu.

Akamleta mganga, mama mmoja asiye na masihara. Mama yule alimkalisha binti katikati ya studio, akafukiza ubani kwenye chetezo, akatega sikio.

"Huyu amekuja kudai," alisema kwa sauti ya chini. "Mtaje, useme ulichomchukulia. Ataondoka."

Vijana walikuwa wamejazana mlangoni, macho yamewatoka. Mwalimu akawatazama. Akafikiria chuo, akafikiria heshima yake, na aibu ikamshinda nguvu.

"Simjui," alisema.

Mganga akazima chetezo, akakusanya vitu vyake. "Basi mimi sina kazi hapa."

Hapo binti akainua uso. Mwalimu akamrukia, akamshika mabega. "Mwanangu! Sema na baba!"

Midomo ikafunguka, ikavuta pumzi ndefu yenye filimbi, kisha ikatoka sauti nyororo, ile ile ya Kidoti iliyoshinda mashindano.

"Chuoni nakwenda mwenyewe, mwalimu. Huyu atanibeba."