Mshumaa wa Kutafuta X

Jumamosi ile moshi wa kiwanda ulilala juu ya Élisabethville kama paka aliyeshiba. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Kaka yangu mkubwa Faustin, niliyemwita Yaya, alikaa mlangoni, daftari magotini, macho mawinguni.

Kazi ya Faustin ilikuwa kupaka mafuta magurudumu ya treni. Jioni alisoma shule ya wafanyakazi. Jumatatu alikuwa na mtihani. Akishinda, angeingia darasa la madereva wa treni. Akishindwa, angebaki na mafuta yake.

Daftarini palikuwa pameandikwa: 3x + 2 = 11. Tafuta x.

"Julienne, weye unasomaka kwa masista," aliniambia. "Hii x iko wapi?"

Sikujua. Lakini msichana wa masista hakiri jambo kama hilo. Nikakunja mikono, nikafumba macho.

"Yaya, x ilipotea. Na vintu vya kupotea, njo Mutakatifu Antoni anavitafutaka. Washa mushumaa."

Nilitania. Lakini Mama alileta mshumaa kweli, tukapiga magoti. Faustin aliomba kwa moyo wote, hata nikaona haya. Mshumaa ukapungua. Moshi ukapita. X haikutokea.

Jirani yetu, Papa Mukuka, mpimaji wa unga wa posho, alichungulia mlangoni.

"Nani alikufa?"

"Hakuna, Papa," alijibu Faustin. "Tuko natafuta x."

Papa Mukuka alisoma daftari. Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mukuje ku mizani."

Ndani ya stoo yake vumbi la unga lilielea polepole katika mwanga. Hata sauti zetu zilikuwa laini, kama za watu walio ndotoni. Papa Mukuka aliweka upande mmoja mifuko mitatu iliyo sawa, na chuma cha kilo mbili. Upande wa pili aliweka vyuma vya jumla ya kilo kumi na moja. Mizani ikayumba, ikatulia.

"Kila mufuko ni x," alisema. "Sasa naondoa hii kilo mbili."

Upande wa mifuko ukapanda juu.

"Inainama, Papa!" alisema Faustin.

"Utafanya nini?"

Faustin alinyoosha mkono taratibu, kama anayetembea usingizini. Akaondoa kilo mbili upande wa pili. Mizani ikatulia tena.

"Ah! Mbili huku, mbili kule!"

"Njo vile. Usiibie upande moja. Inabakia nini?"

"Mifuko tatu, kilo tisa. Mufuko moja... kilo tatu. X ni tatu!"

"Hakikisha."

"Tatu mara tatu, tisa. Ongeza mbili, kumi na moja!"

Alhamisi majina ya walioshinda yalibandikwa mlangoni pa shule. Faustin alikuwa wa pili.

"Mutakatifu Antoni alitusikia," Mama alisema.

"Mama, ni Papa Mukuka!"

"Na Papa Mukuka, nani alimutuma?"

Faustin alinigeukia mimi. Akafunika sahani yangu ya bukari, ugali wetu. Kisha akaandika sakafuni kwa mkaa: 2x + 5 = 13.

"Julienne, x ilipotea. Uipate kwanza, njo utakula."

Nikaomba mshumaa. Akakataa.

Basi nikaondoa tano huku, tano kule. Zikabaki x mbili huku, nane kule. Nikagawa kwa mbili.

"Ine!" nilipiga kelele.

Bukari ilikuwa bado ya moto.